Ametumia nini, na mara ya mwisho saa ngapi? Mwongozo kwa familia za Dodoma na wilaya jirani

Mtu akianza kufukuza wadudu wasioonekana, kujibizana na ukuta, au kumtuhumu mama yake mzazi kuwa kamtilia sumu kwenye uji, swali la kwanza katika nyumba nyingi ni nani kamfanyia hivi. Swali hilo linakula siku tatu au nne, na mara nyingi ndizo zenye hatari kubwa. Kama mhusika ni mnywaji, anavuta bangi, anatumia unga (heroini), mirungi, gundi au vidonge vya usingizi, kuna maswali mawili ya kuanza nayo: ametumia nini, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. La pili husahaulika, ilhali ndilo zito zaidi. Ubongo huvurugika kwa kutumia na huvurugika pia kwa kuacha, na tiba ya hali moja inaweza kumuumiza mwenye hali nyingine.

Hatua ya 1: Kabla ya kuuliza chochote, angalia pumzi

Usingizi wa aliyezidisha unga si kama wa watu wengine. Anakoroma kwa kukwama, pumzi zinashuka chini ya kumi kwa dakika, midomo na kucha zinageuka rangi ya majivu, mboni za macho zinakuwa kama ncha ya sindano. Mtikise bega, mwite jina kwa nguvu, msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoamka, inua kidevu chake, mbane pua, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde tano huku mwenzako akitafuta gari. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Maziwa, maji ya chumvi na ndoo ya maji ya baridi havifanyi kazi. Maziwa yataishia kwenye mapafu. Hospitalini kuna naloksoni, dawa inayoweza kumwamsha ndani ya dakika chache. Nguvu yake hudumu kati ya dakika 30 na 90 tu, wakati alichotumia kinaweza kukaa mwilini zaidi ya hapo, hasa kama ni methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa unga. Kwa hiyo akizinduka akaanza kudai kurudi nyumbani, mkatalieni mpaka daktari aseme.

Akianguka kifafa, ondoa vitu vigumu karibu naye, mwekee nguo chini ya kichwa, mgeuze ubavu, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole. Kifafa kinachozidi dakika tano, au kinachorudi kabla hajapata fahamu, ni safari ya hospitali hapohapo. Kwa mnywaji wa kila siku, hata kifafa kimoja kifupi kinatosha kumpeleka.

Kijana aliyetoka kunusa gundi au petroli asikimbizwe. Tunalisema hili peke yake kwa sababu karibu kila mtu hufanya kinyume: sungusungu wanatoa mbio, mwenye duka anachukua fimbo. Mvuke huo huufanya moyo uwe mwepesi kuvuruga mapigo, na hofu pamoja na mbio vinaweza kuusimamisha ghafla. Msogeze penye hewa, zungumza naye taratibu, keti naye.

Gongo ina hatari yake nyingine. Ikiwa imechanganyika na methanoli, aina ya kilevi chenye sumu, mnywaji ataonekana amelewa kawaida, atalala, kisha kati ya saa 12 na 24 baadaye ataamka na maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi, na macho yenye ukungu mweupe kama anatazama kupitia pazia. Hapo hakuna la kusubiri. Anahitaji hospitali kubwa yenye uwezo wa kusafisha damu. Kama wamekunywa watano kutoka dumu moja, waiteni wote watano, pamoja na yule anayesema yuko fiti.

Kwa mwenye vurugu, ondoeni panga, shoka, mchi na visu kimyakimya kabla hajaanza kuvitafuta. Azungumze mtu mmoja tu, yule anayemheshimu, awe mjomba, shangazi au dada mkubwa. Asimame hatua tatu mbali, pembeni yake kidogo, na asizibe mlango. Maneno yawe mafupi: “Kaka, ni mimi dada yako. Hapa ni nyumbani. Hakuna atakayekudhuru. Tunakwenda kwa daktari akupe dawa ya kulala.” Msibishane naye kuhusu anachokiona. Ukimwambia hakuna nyoka, atakuona uko upande wa nyoka. Mwambie, “Mimi simuoni, lakini naona unaogopa.”

Ikilazimu kumshika, ashikwe na watu wanne au watano kwa mikono na miguu, uso ukitazama juu au ubavuni. Msimlaze kifudifudi wala kumkalia mgongoni au kumbana shingo, kwa kuwa watu hufa hivyo huku waliowashika wakidhani wametulia. Kamba na minyororo huacha vidonda, na kumwacha amefungwa juani kunampandisha joto la mwili ambalo tayari liko juu. Kama kuna aliyejeruhiwa, awe yeye au mwanafamilia, pitieni polisi mchukue PF3, ila kwa hali ya kufa na kupona tangulieni hospitali, fomu itafuata.

Hatua ya 2: Chukua daftari

Andika majibu, msitegemee kumbukumbu. Daktari wa zamu atauliza, muuguzi wa wodi atauliza tena, na mliomleta huenda mkawa mmeshaondoka. Andikeni vitu vifuatavyo:

– Ametumia nini, vyote. Watu wachache hutumia kitu kimoja. Mvuta unga hupoza kwa vidonge vya usingizi, mla mirungi hushushia kwa pombe.
– Kiasi gani kwa siku, na kwa muda gani: miezi, miaka.
– Mara ya mwisho: siku na saa. Kama hamjui, andikeni mara ya mwisho alipoonekana ametumia.
– Kwa njia gani: kunywa, kuvuta, kutafuna, kujidunga.
– Amewahi kuacha hapo nyuma? Alipatwa na nini? Kifafa? Kuona vitu?
– Dawa nyingine anazomeza, hasa za kifua kikuu, VVU, kifafa na kisukari.
– Kichwa kimegongwa mahali popote katika wiki mbili zilizopita?

Majibu ya kweli mara nyingi hayako nyumbani. Rafiki wa kijiweni, mama muuza pombe wa kilabuni, dereva mwenzake wa bodaboda ndio wanaojua. Waendee bila lawama. Mama muuza akiona mmekuja kumgombeza, atawaambia hajamwona wiki nzima. Kopo, chupa na pakiti za vidonge nendeni navyo hospitalini. Bangi au kete za unga msibebe, maana kuwa navyo ni kosa kisheria. Jina na kiasi vinatosha.

Kwa pombe, “anakunywa kidogo” si kipimo. Hesabu iko hivi: zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi iliyoandikwa kwenye chupa, zidisha kwa 0.79, gawa kwa 100. Unapata gramu za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina gramu 71. Kichupa cha pombe kali cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina gramu 55, karibu sawa na bia tatu, na watu hukimaliza wamesimama. Mjini kwetu, kwa sababu zabibu ni zao la nyumbani, wapo wanaoutoa mvinyo kwenye hesabu ya pombe. Chupa moja kila jioni ni sawa na bia tatu na nusu kila jioni, na mwili hautofautishi. Wanzuki, pombe ya mtama na gongo havina lebo, basi andikeni ujazo: lita ngapi, kopo la ukubwa gani, mara ngapi kwa siku.

Swali moja lina thamani kuliko hesabu yote hiyo: je, anahitaji kunywa asubuhi ili mikono itulie? Kama ndiyo, mwili umeshazoea pombe, na kuisimamisha ghafla bila uangalizi ni hatari.

Hatua ya 3: Hesabu saa tangu mara ya mwisho

Pombe. Hii ndiyo inayopotosha wengi, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo. Mnywaji wa kila siku akikatisha ghafla, saa 6 hadi 12 baadaye huanza kutetemeka mikono, kutoka jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Kifafa hutokea zaidi kati ya saa 6 na 48. Wengine huanza kusikia au kuona vitu ndani ya siku ya kwanza, huku akili nyingine ikiwa sawa. Halafu, siku ya pili hadi ya nne, inakuja hali nzito kuliko zote: hajui yuko wapi, hajui ni asubuhi au usiku, mwili unachemka, anatetemeka mwili mzima, anaokota siafu kwenye shuka. Isipotibiwa inaua.

Sasa angalia jinsi inavyoingia kwenye maisha ya kawaida. Mzee amevunjika mguu, amelazwa. Siku ya tatu anaanza kupiga kelele wodini, ndugu wanasema mguu umerogwa. Kijana amewekwa mahabusu Ijumaa. Jumapili anaanguka kifafa. Baba ameokoka au ameanza Kwaresima, au ni Ramadhani, amemwaga pombe yote mbele ya familia, kila mtu anashangilia. Keshokutwa hamtambui mke wake. Fedha imeisha, msiba umemkalisha ugenini, ana homa na hawezi kutoka kitandani. Wote hawa wameacha bila kupanga. Kwa mnywaji mzito, nia njema isitangulie ushauri wa daktari. Kama yuko mbali na hospitali na dalili bado hazijaanza, ni salama zaidi aendelee kupunguza kidogokidogo kwa siku chache hadi mfike kwa mtaalamu kuliko kukata siku moja. Tunajua ushauri huu hauwapendezi wachungaji na masheikh wengi.

Unga. Mwisho wa kutumia hadi arosto, yaani mateso ya kuacha, kuanza ni kama saa 8 hadi 12. Kilele ni siku ya pili na ya tatu, kisha inashuka ndani ya wiki moja au siku kumi: kamasi, machozi, miayo, vipele baridi, kuhara, kutapika, mifupa kuuma, miguu kurushwa usiku. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hafi kwa arosto, ila kuhara na kutapika kunaweza kumkausha maji. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, lita nzima ikikorogwa kama maelekezo yanavyosema. Kifo kiko upande wa pili: baada ya siku kumi bila kutumia, mwili umepoteza uzoefu. Akirudi kijiweni akavuta au kujidunga kiasi kilekile cha zamani, ndipo anazima. Hilo hutokea sana kwa waliotoka gerezani, hospitali, au kufungiwa chumbani na familia. Kumfungia mtumiaji wa unga wiki mbili na kisha kumfungulia mlango ni kumwandalia ajali hiyo. Mjamzito anayetumia unga asikatishwe ghafla kabisa. Apelekwe kliniki, methadoni ni salama zaidi kwake na kwa mtoto.

Vidonge vya usingizi, kama diazepamu vya kununua kiholela, vinafanana na pombe: kuacha ghafla baada ya miezi ya matumizi kunaleta kifafa, ila hapa huweza kuchelewa hadi wiki moja au zaidi. Hupunguzwa kwa wiki nyingi, chini ya daktari.

Bangi na mirungi vina tabia tofauti. Hapa tatizo kubwa ni wakati wa kutumia: kushuku watu, kusikia sauti zinazomsema, kuamini redio inamzungumzia, kutolala usiku mbili tatu. Akiacha bangi atakuwa mkali, hatakula wala kulala vizuri, ataota ndoto kali. Hali huanza ndani ya siku tatu na huisha ndani ya wiki mbili au zaidi kidogo. Haimuui. Ila msidharau ukali wake, kwa sababu ndio humrudisha kuvuta.

Ili kutofautisha kuchanganyikiwa kwa mwili unaoumwa na kuchanganyikiwa kwa mawazo, muulize mambo matatu: leo ni siku gani, hapa ni wapi, mimi ni nani. Anayejua yote matatu lakini anasikia sauti na kushuku watu ana muda wa kusafirishwa kwa utulivu. Asiyejua, anayebadilikabadilika kila saa, mwenye joto, jasho au mtetemeko, ni dharura ya mwili mzima. Malaria ya kichwa, sukari kushuka, homa ya uti wa mgongo na damu kuvilia kichwani baada ya kuanguka kwenye pikipiki huonekana hivyohivyo, na harufu ya pombe mdomoni haiondoi uwezekano wa hata mojawapo.

Hatua ya 4: Chagua mlango

Asiyejitambua, aliyeanguka kifafa, mwenye homa, jeraha la kichwa, macho yenye ukungu au pumzi chache apelekwe idara ya dharura ya hospitali ya kawaida iliyo karibu. Mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, inayoitwa Jenero na watu wengi, au Benjamin Mkapa kule upande wa chuo kikuu, ambako kuna mashine za kusafisha damu. Mkiwa Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, Mvumi au Manyoni, anzeni na hospitali ya hapo. Msimpakie mtu anayetetemeka kwenye basi kwa safari ya saa tatu bila kuonwa na mtaalamu. Kifafa cha pombe hakisubiri mfike stendi ya Nanenane.

Anayejitambua lakini amechanganyikiwa kwa sauti na shuku, au aliyeshatulizwa mwili, mahali pake ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyopo Dodoma tangu mwaka 1927. Nchi nzima jina hilo limekuwa tusi na mzaha, na mgonjwa wenu ameusikia tangu utotoni. Msimdanganye kuwa mnakwenda kwa baba mdogo halafu akaliona geti. Atawakumbuka kwa hilo miaka. Mwambieni: tunakwenda hospitali, utalala, mwili utatulia, tutakuja kukuona. Isanga, inayotajwa pamoja na Mirembe, ni sehemu ya wagonjwa wenye kesi za jinai wanaoletwa kwa amri ya mahakama. Si mahali pa kumpeleka ndugu yenu.

Kwa uraibu wenyewe kuna Itega, iliyo chini ya Mirembe, yenye huduma kwa waraibu ikiwemo kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa unga. Methadoni haitozwi fedha. Asiyejua pa kuanzia apige 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, aulize huduma ya tiba iliyo karibu.

Barua ya rufaa kutoka zahanati au kituo cha afya hupunguza mizunguko, hasa kwa mwenye bima. Dharura haihitaji barua. Kwa mgonjwa anayekataa katakata huku akiwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ina utaratibu wa kumlaza bila ridhaa yake. Mtendaji wa kata au afisa ustawi wa jamii wa wilaya atawaelekeza. Aende ndugu mmoja anayeishi naye, mwenye daftari, na wa pili wa kusaidia. Msindikizo wa watu kumi na wawili kwenye Noah humpandisha mgonjwa hasira na hauongezi taarifa hata moja.

Hatua ya 5: Yatakayofanyika hospitalini, na ya kuuliza

Tarajieni kipimo cha sukari, malaria, mkojo na pengine VVU. Kipimo cha mkojo kinasema kitu kimepita mwilini, hakisemi ndicho kilicholeta ugonjwa. Bangi ya mvutaji wa kila siku huonekana kwenye mkojo hata wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo msimgombeze kijana anayesema ameacha wiki iliyopita.

Anayetoka kwenye pombe kwa kawaida hupewa diazepamu kwa siku 3 hadi 7 ikipunguzwa kila siku, na thayamini, yaani vitamini B1, ambayo kwa kidonge huwa miligramu 100 kwa siku kwa siku 5. Mwenye hali nzito huchomwa sindano. Hapa ulizeni waziwazi: “Ameshapewa thayamini?” Mnywaji wa muda mrefu ameishiwa vitamini hiyo, na dripu ya sukari ikitangulia bila thayamini inaweza kuharibu sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu. Dalili za kuharibika huko ni kuyumba akitembea, macho kuchezacheza na kuchanganyikiwa. Ikikosewa, anaweza kubaki mtu anayekukumbuka vizuri wa mwaka 2005 na asiyekumbuka alichokula asubuhi. Jambo la pili: sindano ya kutuliza wagonjwa wa akili, kama haloperidoli, isiwe dawa pekee ya anayetoka kwenye pombe, kwa sababu haizuii kifafa na inaweza kukisogeza karibu.

Mwenye sauti na shuku kwa sababu ya bangi au mirungi atapewa haloperidoli au dawa ya aina hiyo. Wengine, hasa vijana wa kiume, siku za mwanzo shingo hukakamaa, ulimi hutoka, macho hugeuka juu na kubaki huko. Familia huona shetani amejibu mapigo. Ni athari ya dawa, ina dawa yake, na huisha haraka baada ya sindano. Rudini hospitali, msiitupe dawa.

Kwenye kadi au barua mnaweza kukuta herufi F na namba. Ni orodha ya Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, na si siri. Tarakimu mbili za mwanzo ni kilichotumika: F10 pombe, F11 jamii ya heroini, F12 bangi, F13 vidonge vya usingizi, F15 vichangamshi, F17 tumbaku, F18 gundi na petroli, F19 mchanganyiko. Tarakimu baada ya nukta ni hali: 0 amelewa, 1 matumizi yenye madhara, 2 uraibu, 3 arosto, 4 arosto yenye kuchanganyikiwa, 5 kupoteza uhalisia (kama kusikia sauti na kushuku watu), 6 kupoteza kumbukumbu. Mwenye F12.5 na mwenye F10.4 wote “wamechanganyikiwa”, lakini wa pili alikuwa karibu na kaburi na wa kwanza kazi yake kubwa inaanza akirudi nyumbani.

Uraibu, ile .2, hauamuliwi kwa hasira ya mke wala kwa idadi ya chupa. Daktari hutafuta mambo sita: hamu isiyozuilika, kushindwa kujizuia akianza, arosto, kuhitaji kiasi kikubwa zaidi kupata kilekile, kuacha shughuli nyingine, na kuendelea ingawa anaona madhara. Matatu kati ya hayo ndani ya mwaka mmoja yanatosha.

Hatua ya 6: Wiki za mwanzo nyumbani

Aliyepoteza uhalisia kwa sababu ya bangi au mirungi kwa kawaida hupata nafuu kubwa ndani ya mwezi, na hali hiyo haitarajiwi kuvuka miezi 6 kama hatumii tena. Ikivuka, au ikirudi wakati hajagusa kitu, mrudisheni. Huenda kuna ugonjwa mwingine wa akili ambao bangi iliuamsha tu. Dawa aliyopewa isikatishwe kwa kuwa “sasa yuko sawa”. Yuko sawa kwa sababu anaimeza. Kidonge cha kulegeza misuli kinachotolewa pamoja na haloperidoli kishikwe na mama au mke, kwa kuwa hutumiwa vibaya mitaani.

Mteja wa methadoni kwa kawaida hunywa dozi yake mbele ya muuguzi, kila siku, zikiwemo Jumapili na sikukuu. Anaanza na dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 15 hadi 30, ikipandishwa taratibu, hivyo wiki mbili za kwanza bado atasikia arosto na atasema dawa haifanyi kazi. Hapo ndipo wengi huongezea unga juu yake, na hapo ndipo pumzi hukatika. Akikosa siku tatu mfululizo asidai dozi ya zamani; itapimwa upya. Akianza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, aiambie kliniki ya methadoni siku hiyohiyo: rifampisini huifanya methadoni iishe mwilini mapema, na ndani ya wiki moja au mbili arosto inarudi kama vile ameachishwa. Si uzembe wake, dozi inahitaji kurekebishwa. Familia iliyo Bahi au Chamwino ipige hesabu ya nauli ya kila siku kabla ya kuanza, au itafute ndugu wa kumpokea mjini; wanaoshindwa kuendelea mara nyingi wanashindwa kwa nauli.

Nyumba za upataji nafuu (sober house) zinawafaa baadhi, hasa ambaye chumba chake kiko mlango kwa mlango na kijiwe. Kabla ya kulipa, ulizeni kama imesajiliwa, nani anamwona mgonjwa anayetetemeka usiku, na kama ndugu wanaruhusiwa kumtembelea. Mkiambiwa mgonjwa haonwi kwa miezi mitatu na kuna fimbo, ondokeni naye.

Kuna vidonge vya kuachisha pombe ambavyo ndugu hununua na kumkorogea mnywaji kwenye mboga bila kumwambia. Kinachouzwa mara nyingi ni disulfiramu. Ni dawa halali, ila hutolewa kwa mtu aliyekubali, aliyepimwa moyo na ini, na aliyekaa angalau saa 12 bila pombe. Asiyejua amekula nini akienda kilabuni, presha yake inaweza kuporomoka na moyo kugoma pale pale mezani.

Akirudia kutumia, andikeni siku na saa kwenye daftari lile lile, na mumuulize kilichotangulia: mshahara, msiba, ugomvi, rafiki aliyetoka Dar. Kwa mtumiaji wa unga, mtu akae naye kwa saa tatu za mwanzo akihesabu pumzi. Kwa mnywaji, angalieni amekunywa siku ngapi mfululizo. Siku moja, alale, kesho aende kliniki. Wiki mbili za kila siku, hesabu ya saa 6 hadi 96 imeanza upya, na aende kabla chupa ya mwisho haijaisha.